SAT, ACT, TOEFL au Duolingo: upi ufanye na upi uachane nao ukiomba vyuo vya Marekani

Mwaka nlioomba vyuo vya Marekani nlilipa zaidi ya dola 200 kufanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hela ambayo mama aliitoa kikoba kwa riba, halafu miezi miwili baadae nikiwa najaza fomu ndo nakuja kusoma kwamba vyuo vitano kati ya saba nlivyoomba havikuwa na shida na TOEFL kwa mtu aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza. Barua moja ya mkuu wa shule ilikuwa inatosha. Yaani gharama yake ni nauli ya daladala na kukaa kwenye benchi kumsubiri mkuu atoke kikaoni.

Tangu hapo kila mwaka kuna mdogo wangu au mtoto wa shangazi ananipigia, "kaka nifanye SAT?", yaani ule mtihani wa hesabu na Kiingereza ambao vyuo vya Marekani vinautumia kuchagua watu, ACT ni mwenzake, na mimi namjibu swali kwa swali, orodha yako ya vyuo iko wapi? Kama hana orodha tunakata simu. Hakuna mtu anayeweza kukwambia ufanye mtihani gani kabla hamjajua unaenda kuomba wapi na nani atakulipia.

Hatua ya 1: visa na hela, kabla ya mtihani wowote

Anza na visa. Tangu Juni 2025 Marekani imekuwa ikiweka vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi mbalimbali, visa za wanafunzi zikiwemo, Burundi ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa na orodha yenyewe inabadilika badilika, kwahiyo fungua websaiti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako leo hii, usitegemee alichokwambia mtu aliyeenda miaka mitatu iliyopita. Kama mlango umefungwa kwa sasa, hela ya SAT ibaki mfukoni kwanza.

Halafu hela. Vyuo binafsi vikubwa kule, ukijumlisha ada, chakula na malazi, vinapita dola 80,000 kwa mwaka. Wengi wetu hapo tunaongelea msaada wa chuo au hatuendi. Sasa kuna vyuo vichache sana ambavyo havikuangalii mfukoni wakati wa kukuchagua hata kama ni mgeni, na vikishakuchagua vinaziba pengo lote ambalo familia haiwezi: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst, Bowdoin, Brown wameingia hivi karibuni. Iangalie vizuri hiyo orodha maana hapo ndo penye siri ambayo watoto wengi hawaioni. Wakati wa korona vyuo karibu vyote vilisema mtihani ni hiari, na mpaka leo ukiuliza mtaani utaambiwa "siku hizi SAT hawaitaki". Lakini MIT wameurudisha tangu Machi 2022, Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wakafuata 2024, na Princeton wameshatangaza wanaurudisha. Kwa hiyo wale wenye hela ya kumsomesha mtoto wa fundi seremala wa Singida bure kabisa, wengi wao ndo haohao wanaotaka mtihani. Hiari imebaki zaidi kwa vyuo ambavyo bila kulipa mwenyewe ni kazi kuvipata.

Hatua ya 2: chora jedwali, gawa vyuo makundi manne

Chukua daftari, hata counter book ya advansi iliyobaki kurasa. Andika vyuo vyako visizidi kumi, na mbele ya kila kimoja andika kiko kundi gani. Sera inabadilika kila mwaka, kwahiyo soma ukurasa wa waombaji wa kimataifa kwenye websaiti ya chuo chenyewe na uandike na tarehe uliyosoma.

Kundi la kwanza ni LAZIMA. Huku kuna MIT, Harvard, Brown, Caltech, Stanford kwa wanaoingia kuanzia 2026, Cornell nao kuanzia wanaoingia 2026, Georgetown, University of Texas ya Austin, Georgia Tech, na vyuo vya serikali vya Florida. Hapa hakuna mjadala.

Kundi la pili ni HIARI ya kweli. Columbia walitangaza 2023 kwamba kwao hiari ni ya kudumu, University of Chicago ni hiari tangu 2018, na Bowdoin, huyu ni mzee wao, tangu 1969 kabla hata wazazi wetu wengine hawajazaliwa.

La tatu, HAWAANGALII KABISA. University of California yote, yaani Berkeley, UCLA, San Diego na wenzao, hata ukiwa na 1600, alama ya juu kabisa ya SAT, hawaisomi wakati wa kuchagua. California State University hivyo hivyo. Ila usishangilie haraka, University of California hawatoi msaada wa kifedha wa mahitaji kwa wanafunzi wa kimataifa, kwahiyo kama huna mfadhili hao ni wa kuwatazama kwenye picha.

La nne ni la wale wanaokupa UCHAGUZI WA MTIHANI, na kundi hili ndo tamu kwa mtu wa huku. Yale lazima ulete kitu lakini kinaweza kuwa SAT, ACT, AP (mitihani ya Kimarekani ya somo moja moja) au IB (diploma ya shule za kimataifa). Dartmouth kwa anayesoma nje ya Marekani wanakubali SAT au ACT, au AP tatu, au matokeo ya IB, A-level au mtihani wa taifa unaolingana na hiyo. Rudia kusoma hapo: mtihani wa taifa. Harvard wao wanataka SAT au ACT, ila kwa mtu ambaye kweli hawezi kuipata wanaweza kupokea vitu vingine, matokeo ya mtihani wa taifa yakiwemo. Hiyo ni dharura, usiipange kama njia kuu wakati unaishi Nairobi au Dar na kituo kipo jirani.

Ukimaliza jedwali hesabu. Kama kundi la kwanza lina chuo hata kimoja unachokitaka kweli, mjadala wa kufanya SAT au kutofanya umeisha, ruka hatua ya 3. Kama vyote ni kundi la pili, la tatu au la nne, endelea.

Hatua ya 3: una nini tayari mkononi?

Wewe sio mtu wa kuanza sifuri. Mtu wa Tanzania ana CSEE ya fomu foo na ACSEE ya fomu siksi, Mkenya ana KCSE ya kumaliza sekondari, wa shule za kimataifa ana Cambridge au IB. Hiyo yote ni mitihani ya taifa au ya kimataifa inayosahihishwa nje ya shule yako, na watu wa admisheni wanaiheshimu kuliko maksi za muhula ambazo kila shule inajipangia.

Tatizo ni kwamba anayesoma fomu yako anaweza asijue kuisoma. Mmarekani akiona "Division I, points 3" anaweza kufikiri umepata alama 3, wakati hapo ndo umefika mwisho wa ngazi, hakuna wani kali kuliko hiyo. Mtafute mwalimu wa taaluma aandike ukurasa mmoja wa maelezo ya shule: NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) ni nani, pointi ndogo ndo bora, wanafunzi wangapi walimaliza mwaka wako na wangapi walipata wani, kombi yako ina masomo gani. Mkenya aeleze mean grade na pointi zake 12. Ukurasa huo kwa chuo cha hiari unaweza kukusaidia kuliko SAT ya wastani, na ni bure.

Ila tuambiane ukweli. Kama umetoka shule ambayo haijawahi kupeleka mtoto Marekani, msomaji hana kitu cha kukulinganisha nacho. Mtoto wa shule kubwa ya kimataifa ana kaunsela, wametangulia wenzake ishirini, shule inajulikana. Wewe una wani ya 3 na barua ya mwalimu wa Fizikia iliyoandikwa usiku. Kwa mtu kama huyo SAT nzuri inafanya kazi ya kumtambulisha, ndo maana mimi huwa nasema hiari ni hiari zaidi kwa yule ambaye tayari anajulikana.

Hatua ya 4: mtihani wa Kiingereza, usirudie kosa langu

Hii ifanye kabla ya kuhangaika na SAT kwasababu ndo inayokula hela bure. Vyuo vingi vinasamehe TOEFL na mwenzake IELTS kama sekondari yako ilifundishwa kwa Kiingereza kwa miaka kadhaa, wengine miwili, wengine minne, soma cha kwako. Sekondari za Tanzania na Kenya ni Kiingereza kwenye karatasi, hata kama sote tunajua mwalimu wa Historia alikuwa anamalizia kwa Kiswahili. Omba barua yenye leterihedi na muhuri inayosema lugha ya kufundishia ni Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Halafu andikia kila chuo imeili fupi ya mistari minne, eleza ulisoma wapi, uliza kama wanakusamehe. Wanajibu. Jibu lihifadhi.

Vyuo vingine pia vinakusamehe ukipata alama nzuri kwenye sehemu ya kusoma na kuandika ya SAT, kwahiyo mtihani mmoja unaua ndege wawili.

Ikibaki kuna chuo kinang'ang'ania, anza kuangalia kama wanapokea Duolingo English Test. Unaifanyia nyumbani kwa karibu dola 70, inachukua kama saa moja, matokeo yanatoka ndani ya siku mbili. TOEFL na IELTS ni zaidi ya mara mbili ya hiyo hela. Kasoro ya Duolingo ni mazingira: kamera inakuangalia muda wote, mtu akifungua mlango kukuuliza chumvi iko wapi mtihani unaweza kukataliwa, na intaneti ikikatika katikati umeumia. Chumba kifungwe, watoto watolewe, bando liwe la kutosha na simu nyingine pembeni ya hotspoti, usifanye siku ambayo umeme wa mtaani kwenu unasumbua. Yote mitatu, matokeo yanaishi miaka 2 tu, kwahiyo usiifanye ukiwa fomu faivu.

Wakongo na Warundi mliosoma kwa Kifaransa, msamaha huu kwenu mara nyingi haupo, kwahiyo mtihani wa Kiingereza wekeni kwenye bajeti mapema.

Hatua ya 5: SAT au ACT? Mmoja tu

Hakuna chuo kinachotaka yote miwili na hakuna kinachopendelea mmoja. Ukifanya yote umejigawa bure.

SAT sasa ni ya kompyuta, saa 2 na dakika 14, maswali 98: 54 ya kusoma na kuandika, 44 ya hesabu, alama kuanzia 400 hadi 1600. Kila sehemu ina moduli mbili, ukifanya vizuri ya kwanza ya pili inakuwa ngumu zaidi, kwahiyo ukikutana na maswali magumu usipaniki, ni dalili njema. ACT ni alama 1 hadi 36, ina Kiingereza, hesabu na kusoma, na kwenye muundo mpya ulioanza 2025 sayansi imekuwa ya kuchagua.

Mimi kwa mtu wa huku nasema SAT, labda jaribio likuoneshe vingine. Mazoezi yake ya bure ni mengi, Khan Academy wapo, na Bluebook, programu ya kompyuta ambayo SAT yenyewe inafanyiwa humo, inakupa mitihani kamili ya kujipima. Ada ya ACT kwa sisi wa nje nayo ni kubwa kuliko ya SAT. Anayefaidi ACT ni mtu anayesoma haraka sana.

Fanya hivi. Jumamosi moja, bila kujiandaa, kaa ufanye mtihani mzima wa Bluebook kwa muda wake. Hiyo alama ndo kianzio chako. Piga msuli wiki sita mpaka nane, rudia mtihani mwingine. Kama umepanda pointi 100 au zaidi unaenda vizuri, jisajili. Kama umebaki palepale na vyuo vyako vyote ni vya hiari, mimi ningeacha, nguvu zote nihamishie kwenye insha na kwenye NECTA.

Kombi yako, yaani masomo matatu unayosoma advansi, inabadilisha kabisa maandalizi. PCM, PCB na EGM hesabu za SAT mtaziona za olevo, tatizo lenu litakuwa kusoma vifungu na msamiati. HGL na HKL, za historia na lugha, ni kinyume, Kiingereza mko vizuri lakini hesabu uliiacha fomu foo na huenda uliiacha kwa furaha. Binti mmoja wa ukoo wetu, HGL, jaribio la kwanza alipata hesabu 430, akarudi kwenye vitabu vya fomu wani mpaka fomu tatu, aljebra, asilimia, grafu za mstari, na miezi mitatu baadae yuko 600. Kitu kilichomsaidia zaidi ni kalkuleta ya Desmos iliyomo ndani ya mtihani wenyewe. Sisi tumefanya Basic Mathematics bila kalkuleta, tukikokotoa logi kwa four figure, kwahiyo mtoto wa NECTA anakaa mbele ya SAT anahesabu kwa mkono kitu ambacho Desmos inakichora kwa sekunde tatu. Jifunze Desmos, ukiijua sawasawa ni kama umepewa dakika za ziada.

Hatua ya 6: kalenda, hapa ndo wengi wanaanguka

Kwa nje ya Marekani SAT inafanyika mara kadhaa kati ya Agosti na Juni. Fomu za vyuo za mapema zinafungwa karibu 1 Novemba, za kawaida mwanzoni mwa Januari.

Mtanzania anafanya ACSEE Mei, matokeo Julai, na katikati ya mwaka ukiitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria ni kama miezi mitatu ambayo huna laptopu, huna muda, jioni umechoka na kwata. Usijidanganye utasoma kambini. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufanya SAT ukiwa fomu faivu, Mei au Juni, wakati NECTA iko mbali. Ya pili ni kupumzika mwaka mmoja, utoke JKT, usome Septemba, ufanye Oktoba au Novemba na ya Desemba iwe akiba. Walio wengi wanaangukia ya pili na haina aibu yoyote. Kufanya SAT Machi ukiwa fomu siksi, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, naikataa kabisa.

Mkenya KCSE yako ni Novemba na matokeo yanatoka Januari, fomu za kawaida zinakuwa zinafungwa au zimeshafungwa. Kwahiyo mnaomba mzunguko unaofuata, na mnao mwaka mzuri sana wa kufanya SAT kwa utulivu, Mei, Juni, Agosti. Waliofanya vizuri sana na familia haina uwezo waulizie KenSAP, wamekuwa wakisaidia Wakenya kuingia vyuo vikubwa tangu 2004.

Hatua ya 7: kujisajili

Pasipoti kwanza. Ukiwa chini ya miaka 18 hata kitambulisho cha taifa huna, na pasipoti ndo kitambulisho ambacho hakitakuletea ubishi mlangoni. Jina kwenye usajili lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, kama NECTA umeandikwa Mohamed na pasipoti ni Muhammad, anza kulitatua sasa.

Vituo ni vichache, vingi viko kwenye shule za kimataifa za mijini na vinajaa. Mtu wa Mbeya au Kigoma jumlisha nauli na sehemu ya kulala. Ada ukichanganya na nyongeza ya watahiniwa wa nje inapita dola 100, na inalipwa kwa kadi, hata kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kufanya kazi. Msamaha wa ada wa College Board, wenye SAT, ni kwa walioko Marekani, kwahiyo ndugu zetu mlioko huko, familia za Wakongo na Warundi mliohamishiwa Texas au Ohio, muulizeni kaunsela wa shule kabla hamjalipa hata senti. Huku nyumbani pa kuuliza ni EducationUSA, ofisi za ushauri za serikali ya Marekani, ushauri wao ni bure, muulize kama mfuko wa kusaidia gharama za maombi upo mwaka huo.

Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Azima laptopu mapema, weka programu, ifanyie zoezi, hakikisha chaji inakaa saa tatu hadi nne. Intaneti ikikata katikati mtihani unaendelea, unaihitaji kuanza na kutuma tu.

Mengine yapite. SAT za masomo, zile za Fizikia na Biolojia ambazo kaka zako wanazitaja, zilifutwa 2021 pamoja na insha ya SAT, mtu wa tuisheni akikuuzia kitabu chake mwambie asante. AP kama shule yenu haifundishi usizianze kwa ajili ya kupamba fomu.

Hatua ya 8: alama imetoka, utume au ufiche?

Andika Google jina la chuo na Common Data Set, ile fomu ya takwimu ambayo chuo kinaitoa kila mwaka, shuka mpaka sehemu ya C9, utaona alama za wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioingia, namba ya 25 (robo yao wako chini yake) na ya 75 (robo wako juu yake). Tuseme chuo kina 1430 na 1540. Uko 1500, tuma bila kuuliza. Uko 1250, kwenye chuo cha hiari kaa nayo. Watu wanapata kigugumizi wakiwa pale chini kidogo, 1390, 1410, na wengi wanaficha. Watafiti wa Dartmouth walichambua data za chuo chao kabla mtihani haujarudishwa 2024, wakakuta waombaji waliotoka mazingira magumu walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia, kwasababu chuo kinaisoma alama kwa kuangalia ulikotoka. Kwahiyo 1400 kutoka shule ya kata ambayo haina maabara na wewe mwenyewe hukuwahi kuwa na kompyuta, mimi naituma. 1400 kutoka shule ya ada milioni thelathini, kwenye chuo hichohicho, naiacha.

Ukifanya mara mbili, vyuo vingi vinachukua sehemu bora ya kila tarehe, hesabu ya Oktoba na kusoma ya Desemba, kwahiyo mara ya pili soma zaidi upande uliokuangusha. Mara ya tatu mimi siioni faida yake kwa hiyo ada.

Kutuma nako kuna hela. Ukijisajili unapewa ripoti nne za bure ambazo unachagua mpaka siku tisa baada ya mtihani, zaidi ya hapo kila moja inalipiwa. Lakini vyuo vingi vinakubali uandike alama mwenyewe kwenye fomu, na ripoti rasmi wanaitaka ukishakubaliwa tu, kwahiyo ya kulipia inabaki moja, ya chuo unachoenda.